Macho Yenye Pazia

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imetukuta leo bango la muuza viatu likiwa bado bichi. Neno VIATU limetiririka hadi ukingoni, kila herufi na machozi yake. Mjomba akanigeukia mbele ya mteja.

"Dalili ya mvua ni nini, mpwa wangu?"

"Ni mawingu, Mjomba."

"Na wewe ulikuwa ukitazama wapi?"

Nilikuwa nikitazama chini, ila sikumwambia. Siku hizi shingo inaniuma nikiinua kichwa, na msichana wa miaka ishirini na mitatu akianza kulalamika shingo mbele ya Mjomba atatafutiwa mkongojo.

Naandika kwa sababu msimu wa mvua karakana yetu husinzia, na mimi nisipokuwa na herufi za kuchora mkono unaniwasha. Mjomba ni mdogo wake mama, fundi wa mabango, na nimefanya kazi kwake tangu nimalize shule. Mtaani wananiita Fundi Herufi, jina ambalo yeye hajalitamka hata siku moja. Wala hajawahi kuniambia kazi yangu ni nzuri. Akiridhika hutafuta kosa dogo, na akilikosa hukohoa. "Fundi akisifiwa brashi inalala," husema. Nimezoea. Kikohozi chake ndicho cheti changu.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Nimeosha brashi zote, hata zilizokuwa safi.

Ijumaa, 7 Machi

Kazi imepatikana. Ni duka la ushonaji pale kona, la mama mmoja tunayemwita Bibi Cherehani. Anataka maneno USHONAJI WA KISASA juu ya mlango, mekundu, "yasomwe hata na mtu aliye kwenye gari linalokimbia." Bango la mbao limeshapigiliwa na hataki lishushwe. Basi ni ngazi.

Nilipanda asubuhi mvua ilipopumzika, nipige mistari kwa uzi wa chaki. Nikainua kichwa na mkono wa kushoto kwa pamoja, maana mimi ni mashoto. Ndipo likaja.

Wahenga walisema macho hayana pazia. Wahenga hawakuwa na macho yangu. Lilishuka kutoka juu, la kijivu, taratibu, kama mtu aliye ndani ya nyumba anavuta pazia la dirisha bila haraka yoyote. Ubao ukapotea, kisha mkono wangu, kisha ncha ya ngazi. Sauti za barabara zilibaki zote. Nilimsikia Bibi Cherehani akibishana na mteja kuhusu mfuko wa suruali, nami nimesimama juu ya vichwa vyao sioni chochote. Nikainamisha kichwa nishike ngazi vizuri, na pazia likapanda lilikotoka. Kila kitu kikarudi mahali pake.

Nikashuka, nikasema ni njaa. Nilikuwa nimekunywa chai na mkate wa kutosha, lakini nikasema ni njaa.

Jumamosi, 8 Machi

Si njaa. Leo nimekula nikashiba, nikaenda kuanua nguo kabla ya mvua, nikainua uso kwenye kamba: pazia.

Mkono wa kushoto nao una vituko vyake. Nikichana nywele unachoka katikati ya kichwa, naushusha, naupumzisha, naanza upya. Unakuwa wa baridi. Tangu mwaka jana nina homa za kuja na kuondoka, wanapima malaria hawaoni kitu. Sketi zangu nazifunga kwa mkanda. Mama anafurahi, anadhani najikondesha kwa ajili ya harusi.

Jumapili, 9 Machi

Ndiyo, kuna harusi. Nimeposwa na kijana mpole anayefundisha hesabu shule ya mbali, tutaoana mvua zikikatika. Leo mama yake amekuja kunitazama. Nimempa jina la Bi Mkaguzi, kwa kuwa kabla hajakaa alipitisha kidole juu ya kabati letu, akakitazama, akakifuta kwenye kanga yake.

Nilimwamkia, nikakaa kwenye kiti kifupi, kichwa chini muda wote. Niliogopa pazia lisije likanishukia mbele za watu. Kumbe najijengea sifa bila kujua.

"Mtoto ana haya huyu," akamwambia mama. "Wengine siku hizi wanakukodolea macho kama askari wa barabarani."

"Nimejitahidi kumlea," mama akasema, sauti imejaa asali.

Mimi huyo, ambaye mama huyohuyo huniita kichwa maji tangu nikiwa na miaka minne. Nilitaka kucheka, nikazidi kuinama, wakaona haya imeongezeka. Nikimtazama yule mama naona mtu aliyekuja kununua kabati. Simpendi.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua usiku na mchana. Ukuta wa karakana umeota ukungu wa kijani.

Jumatatu, 17 Machi

Nimemaliza bango la Bibi Cherehani. Nilitumia hila. Nainua macho mara moja kupima, nayashusha upesi, naiweka brashi kwa kumbukumbu. Hivyo hivyo hadi mwisho, kama mwizi anayechungulia dirishani. Herufi ya mwisho niliichora mkono ukiwa mzito na pazia limeshuka nusu. Kwa desturi huvuka barabara nikaitazama kazi kwa mbali. Leo manyunyu yalikuwa yameanza. Nilifunga rangi nikaenda zangu nyumbani.

Jumanne, 18 Machi

Mjomba alikuja kunichukua kabla ya chai. Tulipofika ng'ambo ya duka akaniambia, "Soma."

Palikuwa na kundi la watu wanacheka. USHONAJI WA KISAS, na baada ya hapo, pale penye A ya mwisho, mguu mmoja tu wa kushoto umeegemea hewa. Mguu wa pili haupo, mshipi wa katikati haupo. Kila mpita njia alikuwa akiisoma kama I.

"Ushonaji wa kisasi," akasema mmoja. "Ukimkera anakushonea suruali ya mguu mmoja."

"Kwangu alishalipiza zamani," akadakia mwingine, "koti langu kaliwekea mikono yote upande mmoja."

Bibi Cherehani alikuwa amefura, hadi wateja watatu walipoingia kumuuliza anamlipizia nani. Walipotoka kila mmoja ameacha kitambaa, akasema bango lisiguswe.

Watu wote walicheka isipokuwa Mjomba. Alipanda ngazi mwenyewe, akapitisha kucha pale palipopaswa kuwa na mguu wa A, akashuka.

"Brashi ilipita hapa," akasema. "Mikwaruzo ipo, rangi haipo. Umechora kwa brashi kavu, mpwa wangu, na hukuona."

"Nilichoka, Mjomba."

"Uchovu hauli mguu wa herufi." Akanitazama kwa muda. "Ni mambo ya uchumba?"

Nikasema ndiyo. Angeniuliza kama ni mapacha ningesema ndiyo pia. Fundi asiyeweza kutazama juu hapandi ngazi, na asiyepanda ngazi kwa Mjomba ni mfagiaji wa karakana. Mimi nikiondolewa herufi sijui nitabaki nani. Nimelia njiani, na mvua ikanisaidia kuficha.

Jumatatu, 24 Machi

Mama amenipeleka zahanati kwa ajili ya homa. Macho sikuyataja. Nesi akanifunga mashine ya presha mkono wa kushoto, ikavimba, ikanung'unika, ikaandika kosa. Akarudia, ikaandika kosa. Akatoa betri akazigonga mezani, akazirudisha, kosa. Akaweka mpya kabisa.

"Leo imegoma hii," akasema.

"Labda mimi ni mzimu, nesi."

Tulicheka wote watatu. Foleni ilikuwa ndefu, hakujaribu mkono mwingine. Akaandika kwamba presha haikupimika kwa sababu ya ubovu wa mashine, akanipa vidonge vya kuongeza damu.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua. Pazia mara mbili, mara moja nikiwa nimesimama tu kutoka kitini.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimejifunza sheria za nyumba yangu mpya. Usiinuke haraka. Usitazame ndege. Ukiitwa kutoka ghorofani jibu bila kuinua uso. Sasa nawajua majirani kwa viatu. Muuza mkaa ana kandambili za rangi mbili, mwalimu wa madrasa visigino vimelika upande wa nje. Mtaa mzima unasema uchumba umenitia adabu. Jirani yetu amemwambia binti yake mbele yangu, "Muone mwenzio anavyotembea." Yule binti alinitazama kama anayetaka kunipiga teke. Namuunga mkono.

Karakana nafanya kazi za mezani tu, mabango madogo, namba za milango. Ngazi Mjomba ameiegemeza nyuma ya mapipa, mahali ambapo siwezi kuitoa bila kumwita.

Jumanne, 8 Aprili

Nikiwa sina pazia, pembeni ya jicho la kulia kuna kitu kama alama ya kidole kwenye kioo. Nimelisugua jicho na kulisugua, alama haitoki.

Jumamosi, 12 Aprili

Bi Mkaguzi amekuja tena, safari hii na dada yake, shangazi wa mchumba au mama yake mdogo, sikuelewa. Mama alikuwa ameazima vikombe vyenye maua. Nilipewa birika niwamiminie wageni chai.

Nilianza vizuri. Kikombe cha kwanza, cha pili. Ndipo yule dada mtu akasema, kwa upole kabisa, "Hebu inua uso, binti, tukuone. Tutamsifia nini kijana wetu, utosi?"

Wakacheka. Mama naye akasema, "Inua uso, mwanangu." Nikainua.

Pazia lilishuka kabla sijamaliza kutabasamu. Nikabaki nimetabasamu gizani, birika mkononi, nikijua kwamba nikiinama sasa nitaonekana nimewadharau. Nikaendelea kumimina. Nilisikia chai ikigonga kikombe, kisha sahani, kisha meza, kisha kitu laini, na mtu akavuta pumzi. Nilikuwa nammiminia Bi Mkaguzi mapajani.

"Haya imemzidi," mama akasema upesi, akinipokonya birika. "Masikini, haya imemzidi."

Nikainama. Macho yakarudi. Kanga ya yule mama ilikuwa inafuka mvuke, lakini yeye hakuwa akiitazama. Alikuwa akinitazama mimi. Akanishika mkono wa kushoto, akauachia, akanishika wa kulia, akauachia.

Nilijua ndio mwisho wa uchumba. Aibu niliyoisikia sijawahi kuisikia, na ndani ya aibu kulikuwa na nafuu kidogo.

Jumatatu, 14 Aprili

Amerudi. Peke yake, chini ya mwavuli, mama akiwa sokoni. Nilifikiri amekuja kurudisha maneno. Alikaa kwenye kiti changu kifupi, mimi akanikalisha kwenye kile kikubwa.

"Mwanangu, mimi nimezaa wasichana wanne, haya naijua," akasema. "Haya haitoi jasho la baridi. Na mtu hawi na mkono mmoja wa moto na mwingine wa maiti. Unaumwa nini?"

Nikamwambia. Ngazi, pazia, mkono, mguu wa A, alama ya kidole, yote. Ni mtu wa kwanza kumwambia, na ni yule niliyemwita mnunuzi wa kabati. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Mama yako anajua?"

"Hajui."

"Mwambie leo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na macho hayangoji hata kifo."

Alipotoka alipitisha kidole juu ya kabati kwa mazoea. Nilicheka kidogo, na yeye akacheka.

Jumanne, 15 Aprili

Nimemwambia mama. Amesema ni kukosa usingizi. Kisha akasema ni upepo. Kisha akanishika mikono akasema, "Ngoja mvua zikatike, mwanangu, uolewe kwanza. Huko kwa mumeo utatibiwa vizuri. Tukianza kuzunguka hospitali sasa watu watasema binti wa fulani kipofu."

Nilikasirika nikamwambia maneno ambayo siyaandiki. Amelia. Nami nikaingiwa na huruma, nikakubali kungoja kidogo. Tumenunua dawa ya matone duka la dawa.

Jumamosi, 19 Aprili

Matone. Hayana faida, yanawasha tu.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua haikatiki. Barabara ya karakana imekuwa mto wa matope. Bi Mkaguzi amemtuma mtu kuuliza kama tumeshakwenda. Mama amejibu tunajiandaa.

Jumatatu, 28 Aprili

Nilikuwa mezani karakana, nachora namba 8 kwenye kibati. Kichwa chini, sheria zote nimezifuata. Uzi mweusi ukashuka ndani ya jicho la kulia. Nikaupangusa juu ya kibati nikidhani ni unywele wa brashi. Ukahama na jicho langu. Ukaja wa pili, ukaja wa tatu, ukafuata moshi, kama mtu ametia wino kwenye glasi ya maji. Nilisema, "Mjomba." Nilisema taratibu tu.

Akaja. Nilifumba jicho la kushoto nimtazame. Alikuwa kivuli cha kahawia, na baada ya dakika chache hakuwa hata kivuli.

"Unaniona?" akauliza.

"Kwa la kushoto nakuona."

"Na la kulia?"

"Hakuna mtu."

Sijawahi kumwona Mjomba akimwaga rangi. Leo aligonga kopo zima la nyeupe kwa kiwiko akipita, na hakugeuka kulitazama. Alinifunika kwa turubai la kazini tukaingia mvuani. Njiani alikuwa akisema neno moja tu, "Brashi kavu," analirudia, "brashi kavu," kama mtu aliyekumbuka alipoacha mlango wazi.

Jumatano, 30 Aprili

Hospitali ya macho. Jana walituambia daktari hayupo, leo tumewahi tukiwa watatu, mimi, mama na Mjomba. Nataka kuandika kila kitu ningali naona mstari.

Kwanza walinisomesha chati ya herufi. Jicho la kushoto nilishuka hadi mstari wa nne. Nikaona pia kwamba E yao ya juu haikupimwa vizuri, mshipi wa katikati umeshuka. Wakaziba la kushoto.

"Soma."

"Nisome nini?"

"Chati."

"Chati iko wapi?"

Mama akaanza kulia hapo hapo.

Daktari ni mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini. Alinitia matone, akanikalisha gizani, akanimulika. Jicho la kulia hakulichukulia muda. "Damu imejaa, sioni ndani," akasema. La kushoto alilitazama mpaka kiti kikaniuma. Alikwenda mbele, akarudi, akabadili kioo. Kisha akazima taa yake, na badala ya kuniambia habari za macho akanishika kifundo cha mkono wa kushoto.

"Daktari, mimi nimeletwa kwa macho."

"Najua. Nyamaza kidogo."

Alitafuta kwa vidole vitatu. Akasogea juu, akasogea ndani, akafika kwenye kiwiko, akatafuta hapo. Akahamia mkono wa kulia, akatikisa kichwa kidogo. Akaweka kifaa cha kusikilizia shingoni kwangu, kushoto, kulia, amefumba macho. Mvua ilikuwa inapiga bati na akamwambia msaidizi afunge dirisha.

"Umewahi kupimwa presha mkono huu?"

Mama ndiye aliyejibu. "Mashine ilikuwa mbovu, daktari. Hata betri mpya ilikataa."

"Mashine haikuwa mbovu," akasema. "Mkono huu hauna mapigo."

Hakuna aliyecheka safari hii. Mjomba akasema, "Lakini ndio mkono anaochorea," kama vile hiyo ni hoja ya kumshinda.

Daktari alichukua karatasi akatuchorea. Kuna mishipa mikubwa inayotoka moyoni kwenda mikononi na kichwani. Yangu imewaka ndani, kuta zake zimenenepa, njia imekuwa nyembamba, na mmoja umeziba kabisa. Mkono unaishi kwa damu ya kupita vichochoroni, barabara kuu imefungwa. Kichwani inafika kidogo, na nikiinua uso ile kidogo nayo inakatika, ndiyo maana ya pazia. Ni ugonjwa adimu, huwapata zaidi wasichana wa umri wangu, na huanza kwa homa na kukonda kama homa nyingine yoyote. Wengine huuita ugonjwa wa kukosa mapigo. Haujulikani unaanzishwa na nini.

"Na macho?"

"Jicho likikosa damu linashikwa na njaa. Linaotesha mishipa mipya ya kujisaidia, lakini ni dhaifu, inapasuka ovyo. Ya kulia ndiyo iliyopasuka juzi. Ya kushoto imeshaota, nimeiona imezunguka pale mshipa wa jicho unapoingilia."

Nilimuuliza kama la kulia litarudi. Akasema damu ikitulia tutaangalia kilichobaki nyuma yake. La kushoto watalipiga mionzi ile mishipa inyauke, na kuna vidonge vya kuzima moto wa mishipa mikubwa, nitavimeza muda mrefu, na madaktari wa moyo watanitazama kama kuna haja ya upasuaji.

"Pazia limeanza lini?"

"Mvua ya kwanza."

"Ungekuja mvua ya kwanza," akaanza, akamwona mama, akaacha. Akaandika dawa.

Nje barazani mama alikaa kwenye benchi, miguu kwenye maji, hajali. "Mimi ndiye niliyekuwa nikikuambia inama vizuri," akasema. "Nilikuwa nakusifia kwa watu." Nilikuwa na hasira naye tangu katikati ya mwezi, na pale sikuiona tena ilikokwenda. Nilimwegemea tu. Nimeogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na nilikuwa na miaka minne mara ya mwisho kumwegemea mama mbele za watu.

Jumatatu, 5 Mei

Mionzi jicho la kushoto. Cheche za kijani, kila moja kama kugongwa na ncha ya sindano ndani ya fuvu. Sikutikisika. Mkono wa fundi hautikisiki, na nimegundua jicho lake pia.

Jumanne, 13 Mei

Vidonge vimenijaza mashavu. Homa imeondoka, njaa imekuja, nakula kama mjenzi. Jirani amemwambia mama uchumba umenikubali.

Jicho la kulia bado ni matope.

Jumamosi, 17 Mei

Mchumba amekuja na mama yake. Hana maneno mengi, ila alikaa hadi chai ikapoa. Harusi tumeisogeza mbele bila kutaja tarehe. Mama yake ndiye aliyesema, "Harusi si mkate, haiozi." Walipoaga nilikuwa nikimtazama mama mtu mlangoni, nikasikia kimya kirefu ambacho sikukielewa. Ndipo Bi Mkaguzi akaushika mkono wangu akaupeleka upande wa kulia, akautia ndani ya mkono wa mwanawe. Kijana alikuwa ameunyoosha muda wote ule, upande nisiouona.

Alhamisi, 22 Mei

Daktari amelitazama jicho la kulia, damu imepungua. Nyuma yake amekuta pazia la macho lenyewe, utando wa nyuma unaopokea picha, limevutwa likabanduka. Sikujua kwamba kweli kuna kitu ndani ya jicho wanakiita hivyo. Wahenga nao hawakujua. Jicho hilo limekwisha, amesema, na kazi yetu sasa ni la kushoto. Nimerudi na mama kwa miguu, yeye upande wangu wa kulia. Hakuna aliyesema upepo.

Jumatano, 28 Mei

Mvua ndogo. Mjomba amekuwa akinileta karakana kila siku na kunirudisha. Ananivutia kiti. Jana aliniuliza kama chai ina sukari ya kutosha. Nilimpenda zaidi alipokuwa akinigombeza.

Jumamosi, 7 Juni

Jua, la kwanza la wiki nzima. Nilifika karakana nikakuta bango la Bibi Cherehani limelazwa sakafuni juu ya magunia. Mjomba amekwenda mwenyewe kulibandua. Sijui alimwambia nini hadi akakubali kuachia kisasi chake.

"Ngazi si kitu," Mjomba akasema. "Kuanzia leo mabango yote tutayachora chini. Wewe kaa, inama, maliza kazi yako."

Nilikaa kwenye kigoda. Kichwa chini, mahali ambapo macho yangu hayana ugomvi. A yenye mguu mmoja ilikuwa inaningoja. Nilichovya brashi kwenye nyekundu, nikaiangalia kwa jicho moja kama imeshika rangi, nikaiangalia tena. Imeshika. Nikapumzisha mkono. Nikashusha mguu wa kulia kutoka kileleni hadi kwenye mstari, pumzi moja, kama nilivyofundishwa. Nikavuta mshipi wa katikati. Niliuona umenyooka. Niliiona ni A safi, na furaha niliyoipata sikuwa nimeipata tangu mvua zianze.

Kuna eneo dogo la ukungu upande wa chini wa jicho la kushoto. Lina wiki moja. Nilikuwa nimesema ni uchovu.

"Mjomba, njoo uone."

Alikuja akasimama nyuma yangu. Nikangoja. Nilikuwa tayari kwa lolote: mguu mnene, mshipi uko juu, rangi imezidi. Nilingoja hata kikohozi.

"Imenyooka, Fundi Herufi," akasema. "Kazi nzuri sana."

Sauti yake ilikuwa laini. Akaniwekea mkono begani.

Sikugeuka. Nilitoa kidole, kama Bi Mkaguzi juu ya kabati letu, nikakiweka kwenye rangi mbichi pale juu ya herufi, nikaufuata mguu wa kulia polepole hadi chini, nione mwenyewe ulikoishia.